Siku ya Kukaguliwa Meza Yetu

Papa Regina wangu,

Leo nimepita mbele ya nyumba yetu ya zamani ya matofali, kule mtaa wa makarani, na moyo ukaanza kurukaruka kama wa msichana. Tangu ulipotutoka sijacheka namna hii!

Unakumbuka mapazia ya mtaa ule, enzi za Wabelgiji? Hayakutulia hata kidogo, kila jirani akichungulia ya mwenzake. Jirani akinunua viti vipya, vyetu ulianza kuvinunia. Kadi ile ya waliostaarabika, waliyopewa Waafrika walioishi kizungu, ilikunyima usingizi, na mimi ulininyima raha. Kila mchana ni uma na kisu: "Kamata forsheti muzuri, mama! Muzungu akikuona unakulaka na mikono, tumekwisha." Kisha likaja neno lililonichoma: nikikuaibisha, utanirudisha kwetu Rutshuru.

Siku ya ukaguzi ikafika, Mzungu wa kadi aje kutazama tunavyokula, na nani akabisha hodi? Baba yako mzazi, na kikapu cha maharage! Ulimketisha mezani, ungefanyaje? Mzungu naye akakaa na kalamu yake, akingoja kuona mume na mke wakila pamoja. Lakini kwetu mwanamke hali mbele ya baba mkwe. Mzungu angejuaje?

Ulininong'oneza huku jasho likikutoka: "Kula, mama. Kula tu."

"Mbele ya muzee? Apana. Nitakufa na haya."

Nikainuka, nikaenda zangu jikoni, nyuma ya nyumba. Niliketi mkekani nikilia kwa hasira, ndiyo, hasira, nikiwaza jinsi nitakavyomfunga Regina mgongoni kwa safari ya kurudi kwetu.

Mara mlango ukasukumwa. Wewe! Na tai yako, na sahani yako mkononi! Mzungu ulimwacha mezani na baba yako, wawili wasio na neno la kuambiana. Ukaketi mkekani na suruali yako ya pasi, ukachukua kiazi kwa vidole. "Ni hapa njo nitakula," ulisema. Nilitaka kupiga vigelegele!

Kadi haikuja. Majirani walisema mpaka wakachoka. Neno la Rutshuru hukulirudia tena, na viazi vya jikoni ukavizoea.

Nakupenda, Papa Regina. Nina furaha leo. Pumzika vizuri huko uliko. Mimi bado nakula mkekani, upande wangu tu. Upande wako sijampa mtu.

Mke wako,
Mama Regina