Mawe ya Kufulia Kando ya Mto

Mjukuu wangu Esperance,

Huku kambini Dzaleka tuko wazima, na dada yako amezaa mtoto wa kike. Kusikia munasafisha kando ya mto Lilongwe mupate kupanda miti, nimepiga vigelegele!

Unauliza, bantu ba Old Town, mutaa wenu wa hapo mtoni, bataacha namna gani kutupa takataka pale?

Kule Uvira, tukiwa basichana, tulisafisha kando ya mto wetu, tukapanda matete. Takataka zikarudi. Njo tukapanga mawe ya kufulia. Bamama bakakuja, bakafua vikwembe, vitenge byao bya kujifunga, bakabianika juu ya matete. Nani angemwaga uchafu kwenye kikwembe cha mama yake? Mvua kubwa ikanyesha, matete yakashika udongo, tukaimba mpaka sauti zikakauka!

Mupande miti yenu, lakini bamama mubaachie mahali pa kufulia. Mi nakuja na vikwembe vyangu vichafu.

Bibi yako