Mto Uliponyamaza

Mjukuu wangu Agnesi,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Matombo. Mjomba wako anavuna mdalasini, na mama yako kule Mafiga ni mzima. Umeniuliza kama niliogopa siku ile hospitalini, walipopitisha kiputo cha kuzibua mshipa wa moyo wangu.

Nikiwa msichana, nilikuwa nafua mtoni na bibi yangu. Mvua ya mlimani ilikuwa imekatika. Ghafla mto ukapunguza sauti, maji yakashuka, mawe yakatokeza. Nikafurahi, nikaingia katikati kukamata kaa. Bibi akapiga kelele, "Toka! Mto ukinyamaza hivi, kuna kitu kimeuziba huko juu." Tukakimbilia ukingoni. Kanga zetu zilibaki juu ya mawe, hazitikisiki. Kisha tope na magogo vikapita pale pale niliposimama.

Hospitalini nilikuwa macho. Puto lilipojazwa, damu ilizuiwa kidogo, na badala ya maumivu nikasikia ukimya ule ule wa mtoni. Nikamwambia daktari, "Sisikii chochote."

Hakuniangalia. Alikuwa anatazama mstari wa moyo kwenye kioo cha mashine, umeanza kupanda, ishara kwamba moyo unakosa damu. "Najua, bibi," akasema, kisha akamgeukia mwenzake. "Legeza puto, haraka."

Maumivu ndiyo kwanza yalikuwa yanakuja, yakaishia njiani.

Kwa hiyo sikuogopa, Agnesi, na hilo ndilo linalonitisha. Siku hizi nikiamka najisikia vizuri mno, nafungua mlango kwanza, nisikilize kama mto bado unasema.

Bibi yako