Tano Zilizosomwa Sifuri

Mtaa wa Chiappini,
Cape Town.
Alhamisi, 2 Februari 1893

Mpendwa Ami Gamiet,

Assalamu alaykum. Nakubusu mikono yote miwili. Ami, najua adabu ya barua ni kuuliza hali kwanza, lakini nikianza na hali nitamaliza karatasi bila kusema neno lililonifanya nishike kalamu. Niwie radhi nilitangulize. Kaka Samsodien hatakuja Kimberley na timu ya mji, na mwenye kosa ni mimi. Hakuna anayejua. Si Mama, si Baba, wala Samsodien mwenyewe. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na nimekuchagua kwa sababu uko mbali na siwezi kuuona uso wako unaposoma.

Sasa nikuulize. Kifua kinaendeleaje na vumbi la migodini? Mama mdogo Rukeya amejifungua salama? Tunaomba kila siku iwe hivyo. Sisi huku miili ni mizima. Upepo wa kusini unavuma tangu Jumatatu, Mama amechoka kufagia mchanga mlangoni, na Baba ana suti sita za harusi za kushona kabla ya Ramadhani.

Katika barua yake ya mwezi uliopita Baba alikuandikia kwamba huenda Samsodien akapanda treni na wazungu kuja kucheza kriketi huko kwenu. Nawe ukajibu kwamba umekwisha waambia majirani wote, na kwamba mtakwenda uwanjani na sufuria za wali na mtakaa mahali ambapo atawaona. Barua yako ilisomwa mezani mara tatu. Samsodien alijifanya hasikii, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Mambo yalianza na Bwana Thewlis, wakili anayeshonewa nguo na Baba. Yeye ni mmoja wa kamati ya timu ya mji. Tangu Oktoba amekuwa akimwita Samsodien kila Jumanne awarushie mpira wapigaji wao wakati wa mazoezi. Kurusha tu. Hapigi, hahesabiwi, na akimaliza anatokea mlango wa farasi. Mwanzoni mwa Januari mrushaji wao mmoja aliumia bega. Bwana Thewlis akaja dukani akamwambia Baba kwamba yeye atathubutu kulitaja jina la Samsodien mbele ya wenzake, mradi klabu yetu ya mtaa impe maandishi ya watu wote aliowatoa mchezoni msimu huu. Alisema wenzake wakiziona namba watanyamaza.

Kitabu cha klabu yetu unakijua. Lugha ni ya nyumbani, lakini herufi ni za madrasa, kutoka kulia. Mzungu hawezi kukisoma. Baba akanipa mimi kazi ya kunakili kwa Kiingereza, kwa kuwa ni mimi pekee nyumbani ninayekwenda shule ya misheni asubuhi na madrasa mchana. Nilifurahi mno, Ami. Sijui kurusha mpira, sijui hata kupiga kelele uwanjani, nikaona hapa ndipo nami nitamsaidia kaka.

Niliandika mechi nane. Majina kwa Kiingereza, tarehe kwa Kiingereza, namba za shule. Katika mechi nne Samsodien aliwatoa watu watano watano. Nilikuwa nimetoka madrasa alasiri ile, na nilipofika kwenye tano vidole vikafuata vilikotoka. Unaijua tano ya madrasa, ni kiduara kidogo kama yai. Niliandika mayai manne, wala sikuona. Baba naye aliikagua karatasi, akaona tano, kwa sababu macho yake pia yalisoma madrasa. Akaikunja akampa Toyer aipeleke.

Toyer ni mwana wa Bibi Jawahier, mfua nguo wa mtaa wa juu. Ulipohama alikuwa bado mdogo. Siku hizi anaendesha mkokoteni wa farasi wa mama yake, hupeleka nguo safi mjini, na katika klabu ni mrushaji wa pili baada ya Samsodien.

Jibu lilifika Ijumaa iliyopita. Nilikuwa dukani nikishona vifungo. Baba alisoma polepole kwamba kamati inashukuru, lakini katika mechi nane mrushaji huyu ametoka mikono mitupu mara nne, na kwamba baadhi ya waheshimiwa walicheka sana.

“Mara nne nini?” Samsodien akauliza.

“Sifuri,” Baba akasema. “Wameandika sifuri nne.”

“Zile ni tano zangu! Siku ya mechi na wanajeshi niliwatoa watano kabla ya adhuhuri, Baba ulikuwapo!”

“Nilikuwapo.”

“Basi nani amezifuta?”

Mimi nilijua papo hapo. Niliinamisha kichwa nikaendelea kushona, na kifungo kile nilikishonea kwenye sketi yangu mwenyewe bila kutambua.

Mchezaji mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni akauliza karatasi aliibeba nani. Hakusema zaidi. Toyer anajua kuandika, Toyer ni mrushaji, na Samsodien akiondolewa anayefuata ni Toyer. Kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa umekwisha hukumu. Tangu siku hiyo wanawake wawili wamechukua nguo zao kutoka kwa Bibi Jawahier zikiwa bado mbichi.

Jumamosi Toyer alikuja mwenyewe akicheka, akidhani ni mzaha.

“Samsie, ningeiba tano zako ningezipeleka wapi? Mama angeniuliza nimezitoa wapi, na angezifua.”

Hakuna aliyecheka. Samsodien alimwambia, “Ijumaa baada ya sala, uani kwetu. Utashika msahafu mbele ya klabu. Wallahi, nikijua umedanganya, nitauvunja mkono huo usirushe hata kokoto.”

Ami, unamjua Samsodien. Yeye ni mwashi, anabeba jiwe moja ambalo watu wawili hulisukuma. Hajawahi kumpiga mtu, na hajawahi kuapa jambo asilitimize. Tangu Jumamosi hali chakula vizuri. Akiketi anaupapasa mkono wake wa kulia kama anayeuliza kama bado upo. Toyer ataapa, na atakuwa amesema kweli, na Samsodien hatamwamini. Ndiyo hofu yangu. Nikifumba macho nauona mkono wa Toyer.

Utauliza kwa nini sikusema siku ileile. Kwanza niliogopa macho ya kaka. Halafu kuna jambo jingine ambalo naona haya kuliandika. Mwezi wa Novemba upepo ulitawanya vitabu vyangu njiani, Toyer akasimamisha mkokoteni akaviokota. Ni hayo tu, naapa. Lakini wasichana wa madrasa tangu siku hiyo wakimwona huimba, “Galiema, usafiri wako huo!” Nikisimama leo nikasema Toyer hana kosa, watasema wanajua kwa nini namtetea. Baba atanitoa shule. Na Samsodien atakuwa na sababu ya pili ya kumvunja.

Karatasi yenyewe iko kwa Bwana Thewlis. Pasipo karatasi, neno langu ni neno la msichana tu. Kesho ni Ijumaa. Naiacha barua hapa, sijui nitaimalizaje.

*

Jumamosi, 4 Februari

Ami, naendelea.

Jana asubuhi sikwenda shule. Nilitoka na mkoba wangu kama kawaida, nikakata kushoto badala ya kulia, nikaenda kwenye ofisi ya Bwana Thewlis. Nilipita mlango ule mara tatu bila kuingia. Mara ya nne karani akanitokea.

“Nguo hupokelewa nyuma,” akaniambia.

“Sikuleta nguo. Nimekuja kumwona Bwana Thewlis. Mimi ni binti wa fundi wake.”

Aliniangalia viatu kwanza, kisha akaenda kumwita. Bwana Thewlis ni mtu mpole, hilo nalisema kwa haki. Aliitafuta karatasi akaikuta chini ya bilauri, ina duara la maji pembeni. Nilimwonyesha. Nilimwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba hizi si sifuri, ni tano za kwetu, na aliyeandika ni mimi. Ilibidi nirudie.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akavua miwani.

“Tano,” akasema. “Loo. Tano nne.”

“Ndiyo, bwana. Unaweza kuwaambia?”

Alichukua muda mrefu kuifuta miwani. Akasema majina yamekwisha pelekwa, na kwamba hata hivyo wenzake walikuwa wamefarijika kuipata karatasi ile, iliwaepusha na mazungumzo magumu. Aliyasema hayo kana kwamba mimi pia nitafarijika. Akanipa karatasi. Nilipofika mlangoni akaniita.

“Mwambie kaka yako asikose Jumanne. Kabla ya safari vijana wetu wanamtaka kila wiki. Wanasema hakuna mrushaji mwingine katika Rasi nzima ya Cape anayewatesa hivyo.”

Nilitaka kumuuliza, mtu wa sifuri anawatesaje? Badala yake nilisema “Ndiyo, bwana,” nikatoka.

Nilifika nyumbani sala imekwisha. Wanaume walikuwa wamejaa uani, kama ishirini, na msahafu uko juu ya meza ya kukatia vitambaa, umefunikwa shali ya Mama. Toyer amesimama peke yake. Hakuwa anacheka tena. Samsodien alikuwa amekunja mikono ya shati.

“Chai baadaye, binti,” mtu akasema.

“Galiema, ingia ndani,” Baba akasema.

Ami, sijawahi kumkatalia Baba. Nilitaka kutii, lakini miguu haikwenda mbele wala nyuma, kwa hiyo nikabaki pale, na kwa kuwa nimebaki ikabidi niseme. Nilisema, “Toyer hakufuta kitu. Ni mimi.”

Yalianza papo hapo, kama nilivyojua yataanza. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine nyuma akasema, “Farasi kamfuata mwenye mkokoteni!” Wakacheka. Toyer akageuka, mara ya kwanza namwona amekasirika, akasema, “Nichekeni mimi. Huyo ni mtoto wa watu.” Samsodien alikuwa anakuja upande wangu, na uso wake sikuutambua.

Nikamnyooshea karatasi kabla hajanifikia. Aliiinua juani akatafuta alama ya kisu, maana wino hukwanguliwa kwa kisu. Hapakuwa na mkwaruzo. Akaitazama tena. Akachukua chaki ya Baba mezani akaniwekea mkononi.

“Andika tano,” akasema. “Upesi.”

Niliandika juu ya ubao wa meza. Lililotoka ni yai.

Baba alikaa chini, akasema kwa sauti ndogo, “Hata mimi niliziona tano.”

Nilidhani Samsodien atanipiga. Alisimama tu akiliangalia lile yai. Toyer ndiye aliyesema, “Samsie, mkono wangu unaomba ruhusa kurudi kazini, nguo za watu zinangoja,” na hapo mtu mmoja akacheka, kisha wengi, kicheko cha watu waliokuwa na hofu. Samsodien akaenda akamshika mkono uleule aliouapia. Aliushika kwa mikono miwili, akauombea radhi mbele ya wote. Kwa kumwapia vibaya asiye na kosa, atafunga siku tatu, kuanzia leo.

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini ulikuwapo ujumbe wa Jumanne, nami nilikuwa nimesema “Ndiyo, bwana.” Nikausema kama nilivyopewa, na lile la kufarijika, na lile la hakuna mwingine Rasi nzima.

“Alisema hivyo?” Samsodien akauliza. “Hakuna mwingine?”

“Ndiyo.”

“Kabla hujamwonyesha tano, au baada?”

“Baada. Lakini kaka, wamekuwa wakikuita tangu Oktoba. Walijua bila karatasi.”

Aliketi juu ya ndoo. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuagana, kama wanavyoondoka msibani. Tulipobaki sisi, aliniambia nimwandikie Bwana Thewlis kwamba Jumanne haji, wala Jumanne nyingine. Baba alitoa sauti kooni. Unajua kwa nini: mkandarasi anayemwajiri Samsodien naye yumo katika kamati ileile. Keshokutwa ndipo tutajua kama kaka bado ana kazi. Mama amekwisha anza kupima mchele kwa kikombe kidogo, na kila mlango unapogongwa sote tunaangaliana.

Niliketi kwenye meza ya Baba nikaiandika barua kwa Kiingereza, mistari minne. Nilieleza kwamba Samsodien hatawarushia mpira tena, na kwamba katika mechi nane aliwatoa watu thelathini na mmoja. Namba hiyo niliiandika kwa maneno. Nikatia sahihi jina langu lote. Toyer alikuwa mlangoni na mkokoteni, akasema yeye anapita huko, ataipeleka. Nilimwambia hapana. Niliivaa shali yangu nikaipeleka mwenyewe kwa miguu, nikampa karani mkononi, nikangoja mpaka akaipeleka ndani.

Ami, wapigie majirani magoti kwa niaba yetu kuhusu wali. Msalimie sana mama mdogo Rukeya, na binamu zangu Moesa na Tahira, na mgeni mpya ikiwa amewasili nibusie paji lake. Mama anakusalimu, Baba anakusalimu, Samsodien anasema atakuandikia mwenyewe akipata la kuandika. Mwenyezi Mungu akulinde chini ya ardhi unapochimba na juu yake unapotembea, nasi atulinde Jumatatu.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Galiema