Fito Nne za Dahabo

Jumatatu, 6 Januari. Garissa.

Nimelitupa daftari hili tangu Ramadhani iliyopita. Ni kosa, nami naliomba radhi. Kwa miaka thelathini na minne niliwaadhibu wanafunzi walioniletea kurasa tupu. Sina udhuru bora kuliko wao.

Nimelikagua gari mara ya tatu. Mafuta, maji, jeki, tairi mbili za akiba. Lori dogo nililolinunua nilipostaafu sasa ni nyumba yenye magurudumu. Fundi amejenga chumba cha mbao juu yake: kitanda, jiko la gesi, kabati, tangi, dirisha lenye wavu. Kila kipimo nilikichora mwenyewe. Dahabo, mke wangu, ameingia, ametazama, ametoka. Nimechukizwa.

Kesho tunaondoka. Hagadera, kisha Liboi, kisha kuvuka mpaka siku chache kumwona dada yake, Sahara. Tukirudi, tutafuata njia ya zamani hadi Diff, nilikoanza kazi. Njia hizo nilizipita ujanani nikiwa juu ya magunia ya sukari. Nataka kuzipita nimeketi kitini.

Jumanne, 7 Januari. Hagadera.

Tulichelewa. Dahabo aliwaita majirani wakampakilia juu ya gari fito zilizopindwa na mikeka minene. Ni aqal yake, nyumba ya kuhama aliyojengewa na mama yake tulipooana. Imelala ghalani miaka mingi. Nilimwambia tunayo nyumba tayari.

"Wewe una gari," alinijibu.

Wanawake wakacheka. Sikupenda.

Hapa tumezungukwa na watu wanaouliza tunauza nini. Mwenye mkokoteni wa punda ameomba aoneshwe kitanda. Nimemwonesha. Amekibonyeza, ametikisa kichwa, amesema punda wake analala vizuri zaidi. Dahabo amenunua sokoni unga, majani ya chai, sufuria mbili mpya na sindano kubwa za kushonea mikeka. Ni vitu vingi mno kwa ziara ya siku chache. Sikuuliza.

Jumatano, 8 Januari. Njiani.

Siku mbaya. Naiandika jinsi ilivyokuwa.

Kabla ya adhuhuri gari lilizama mchangani hadi ekseli. Dahabo aliona ngamia kwa mbali, akaenda kuomba msaada. Nilichimba peke yangu. Kila nilichochimba kilirudi. Jua lilikuwa kali na sikutaka wafugaji wanikute nimeshindwa. Nikapanda juu, nikafungua kamba, nikatoa fito za aqal, nikazipanga chini ya magurudumu ya nyuma.

Gari likatoka. Fito nne zikavunjika. Nakiri kwamba nilifurahi, kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Dahabo alirudi na wanaume watatu na kibuyu cha maziwa. Aliona. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavifunga katika shali yake. Mmoja wa wafugaji ndiye aliyesema, akiniita ami kwa lugha yetu.

"Adeer, umeipitisha nyumba yako juu ya nyumba ya mkeo?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Aqal ni ya mwanamke. Yeye huijenga, huibomoa, huipakia juu ya ngamia. Mume huingia kama mgeni, na wakigombana, mume ndiye hutoka. Najua haya yote. Niliyafundisha darasa la nne, chini ya kichwa "Desturi za Jamii Yetu". Niliyaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri.

Dahabo hajasema nami tangu hapo. Maziwa ameyamimina katika kikombe changu, akageuka.

Alhamisi, 9 Januari. Liboi.

Askari wa kizuizi cha mpakani alikuwa mwanafunzi wangu. Alinijua kabla sijamjua.

"Mwalimu! Kile kiboko umekileta?"

Tulisalimiana vizuri. Kisha akasema gari halivuki, mpaka umefungwa kwa magari. Nilimwonesha karatasi zangu zote, nimezipanga kwa tarehe. Alizisoma kwa heshima.

"Halivuki, Mwalimu. Hata ukinichapa."

Anayekwenda kwa miguu ataandikwa jina na kupekuliwa mizigo, basi.

Nilipogeuka, Dahabo alikuwa amekwisha kukodi mkokoteni. Mikeka, sufuria, unga, fito nzima, hata vipande, vyote vimo. Ndipo aliponiambia, amesimama, mkono juu ya punda. Sahara ni mjane. Macho yake yameingia ukungu. Aqal yake ilianguka wakati wa mvua na sasa analala chini ya turubai. Dahabo alikusudia tangu Garissa kumjengea aqal hii, akae naye.

Nilimwuliza muda gani.

"Mpaka aone vizuri, anifukuze."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema alinisubiri nimwulize zile fito ni za nini. Kisha akasema jambo hili, nami naliandika neno kwa neno:

"Nilitaka kukuomba tukae wote huko. Sasa sina nyumba ya kukukaribisha."

Akavuka. Hakugeuka nyuma. Nilikuwa nimesimama karibu na gari langu, ufunguo mkononi.

Ijumaa, 10 Januari. Liboi.

Nimeswali Ijumaa hapa. Sikusikia hotuba.

Kitanda ni kipana mno. Nilikipima mwenyewe.

Jumamosi, 11 Januari.

Nimemtafuta mama mmoja mzee, Habiba, anayejua kutengeneza fito. Nilimwomba anioneshe mzizi unaofaa.

"Mwanamume achimbe mizizi? Mkeo amekufa?"

"Amevuka."

"Kwa hasira?"

"Kwa haki."

"Basi chimba."

Mzizi wa mgunga hauendi chini. Hukimbia mbali chini ya mchanga, nawe unaufuata kwa magoti. Kisha huambuliwa gome, hupashwa moto, hupindwa polepole kati ya vigingi. Wangu wa kwanza ulikatika. Habiba alisema naupinda kama mtu anayemlazimisha mtoto kukiri kosa.

Jumatatu, 13 Januari.

Mikono imechubuka. Kalamu inaniuma. Fito tatu zimekubali. Askari amepita, amesema kesho kuna magari yanayokwenda Diff kwa msafara, nami nina nafasi. Shule yangu ya kwanza ingali imesimama, asema. Nimemshukuru. Nimemwambia nina kazi.

Jumanne, 14 Januari.

Wa nne umekamilika. Si mzuri. Habiba ameupitisha mkononi, amesema utabeba mkeka ukiwekwa upande usio na upepo. Kwake hiyo ni sifa.

Nimezifunga zote nne na kumpa mwenye mkokoteni yuleyule aliyemvusha Dahabo. Sikuandika barua. Barua yangu ingekuwa ya kujitetea, na nimejitetea vya kutosha maishani. Aliniuliza nani anazituma. Nilimwambia aseme ni mgeni.

Alasiri amerudi. Dahabo amezipokea. Amezikagua mmoja mmoja, mmoja akaukunja gotini kuupima. Kile kibuyu cha wafugaji alichovuka nacho amenirudishia kikiwa kimejaa maziwa.

Sijui maana yake, wala sitaibuni. Gari nimelifunga. Ukurasa unaofuata nauacha mtupu kwa makusudi. Dahabo akiisha kuamua kama aqal ina nafasi ya mtu wa tatu, nitaujaza.