Rundo la Nne

Jumatatu, 7 Januari 2019

Chokaa tena. Mikono imebabuka, kucha nyeupe kama za maiti. Mkuu wetu wa kituo hapa kwenye uwanja wa vita wa Isandlwana anataka marundo yote ya mawe yang'ae kabla ya kumbukumbu ya tarehe 22, wageni wasije wakaona Waingereza wao wamelala chini ya mawe machafu. Miaka ishirini na miwili napaka chokaa makaburi ya watu waliokuja kutuua! Na wetu? Wetu wamo humo humo kwenye majani, kwenye makorongo, kwenye mashimo ya nafaka. Walifunikwa ngao, basi. Siku hizi kuna ule mnara wa mkufu wa shaba uliosimamishwa kwa ajili yao. Mkufu mmoja kwa wote.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Baba ameketi kitandani, kifua kinakoroma. Ana miaka themanini na minane na hajawahi kuniomba kitu. Leo ameomba. Nikamlete Mahlabane.

Mahlabane ni babu wa babu yangu. Alikwenda Isandlwana kupigana na Waingereza mwaka 1879, akaacha mimba nyumbani, hakurudi. Hakuna aliyekwenda kumchukua. Babu alisema atakwenda — akafa. Baba alikuwa hotelini Durban miaka thelathini akiwabebea wazungu sinia. Alisema atakwenda akistaafu, miguu ikakataa. Na mimi ndio kabisa. Nafanya kazi juu ya mifupa yake, kisha kila jioni narudi nyumbani peke yangu. Aibu tupu.

"Nitawaambia nini wazee huko?" Baba kaniuliza. "Kwamba mmoja wetu tumemwacha porini? Siendi mpaka aingie ndani."

Nimesema nitamleta.

Jumatano, 9 Januari

Shemeji Falakhe, mume wa dada Gabisile, ametoa pikapu yake. Dada ameloweka mtama wa pombe. Falakhe anayajua mambo haya, alimleta mdogo wake kutoka mgodi aliofia. Kanikalisha chini kama mtoto wa shule. Ukate tawi la umlahlankosi, ule mti wa miiba miwili miwili, mmoja umenyooka, wa pili umepinda. Uliburute pale alipoangukia, umwite jina, umwambie twende nyumbani. Kuanzia hapo husemi na mtu. Salamu huitikii, hata pole husemi. Unasema na yeye tu — hapa tunapita lango, hapa tunavuka mto — maana roho inafuata sauti. Ukimsemesha mwingine, kamba umeiachia.

Nikamwambia kunyamaza kwangu si kazi, mke aliniacha kwa sababu ya kununa. Akacheka. Akasema haya, tutaona.

Jumamosi, 12 Januari

Nimeharibu.

Sijui niandikeje. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi ukungu, mlima umetoa kichwa tu. Pa kuitia nilipajua, wazee walisema kikosi chake kilipitia korongo la kaskazini. Nikaburuta tawi. Nikaita. Mahlabane! Mahlabane wa Ntombela! Sauti ikanikatika katikati, sikutegemea. Mtu mzima, nalia na majani. Halafu tawi likawa zito. Naapa lilikuwa zito.

Nikashuka nalo kuelekea kwenye gari. Namwambia: sasa tunapita penye mishubiri, sasa tunaingia njiani. Na pale njiani kasimama bibi mmoja wa kizungu, mwembamba, koti la mvua la buluu, karatasi mkononi imelowa chapachapa. Babu yake alikuwa na kaka aliyefia hapa. Wa namna hiyo wanakuja kila mwaka. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, ndugu yao amelala rundo lipi.

Marundo hayana majina. Chini ya kila moja wamo wangapi, na akina nani, hakuna ajuaye. Lakini mtu ametoka ng'ambo, arudi na nini? Basi mimi nina jibu langu, miaka yote ni moja. La nne baada ya mishubiri. Linapendeza kwenye picha. Nimeshazigawia familia kumi na moja rundo hilo hilo, na zote zimenishukuru.

Leo tawi liko mkononi, mdomo ukafunguka wenyewe. Kwa Kiingereza changu cha kazini. Nikasema: yuko hapa, mama. Njoo, nifuate.

Njoo, nifuate!

Nikampeleka. Hatua ishirini hivi. Nimesimama mbele ya rundo la nne, nimeshika tawi, natabasamu lile tabasamu la wageni, bibi wa watu analia na kunishika mkono — ndipo nikakumbuka.

Ulimi hauna mfupa, nilikuwa nikisikia tu. Falakhe alikuwa kwenye gari, hakuona kitu. Nikalipima tawi. Zito vile vile. Hilo ndilo linalonitisha. Kama lingekuwa jepesi ningejua nimemwacha Mahlabane korongoni, nirudi. Lakini zito! Uzito wa nani?

Ningerudi pale pale nianze upya. Kwa nini sikurudi? Falakhe akapiga honi. Akaniambia Dada amepiga simu, Baba ameomba avalishwe shati jeupe. Nikapanda nyuma. Kiti cha mbele tulimwachia anayeletwa, tulimtandikia mkeka mpya. Njia nzima nilipaza sauti: Mahlabane, hapa ni dukani. Mahlabane, huu ni mto, tunapita darajani. Huku najua huenda namwita mtu jina lisilo lake.

Jumapili, 13 Januari

Mbuzi amechinjwa. Tawi limelazwa umsamo, kule mwisho wa nyumba kubwa wanakokaa waliotutangulia. Baba alitambaa mwenyewe mpaka pale, hakukubali kushikwa. Akamwaga pombe, akataja majina ya ukoo mpaka la mwisho, hakusahau hata moja. Akalia. Halafu akala nyama! Wiki tatu hajaonja nyama. Dada amenikumbatia mbele za watu, eti nimesimamisha nyumba.

Nyama yangu nikampa Falakhe. Nimesema ni mafuta.

Jumanne, 15 Januari

Kazini. Nimepaka marundo tisa. La nne nimelipita. Mkuu ameliona, kauliza, nimemwambia chokaa imeisha.

Alhamisi, 17 Januari

Baba hajatulia. Anasema mgeni wetu hajibu. Anamsalimu asubuhi, kimya. Anamtajia sifa za baba zake, kimya. Anasema amekaa kule ndani kama mtu aliyeshushwa stesheni isiyo yake. Dada akamwambia ni homa, Baba, kula ugali wa uphuthu kidogo na maziwa mgando. Hakula. Akasema labda amekaa porini muda mrefu mno, lugha imempotea.

Nilikuwa nashona kiatu. Nimejichoma kidole.

Jumamosi, 19 Januari

Dada ameniita kutoka zizini, hoi kwa kicheko. Njoo umsikie baba yako!

Nikasimama mlangoni. Baba amejikongoja mpaka umsamo, ameinama mbele ya tawi, mkono mmoja mgongoni. Anasema Kiingereza. Kile cha hotelini. Karibu, bwana. Keti, bwana. Nikuletee chai, bwana, au utapumzika kwanza?

Tangu astaafu hajatamka neno la Kiingereza. Alisema amekiacha Durban pamoja na sare. Dada ameshika mbavu, anasema uzee ni kurudi utotoni, huyu karudi kazini. Mimi nilitoka. Sikuweza.

Miaka thelathini mzee wa watu aliinama. Akaja nyumbani afe amenyooka. Na mimi nimemletea bwana mwingine wa kumwinamia, ndani ya nyumba ya baba zake! Nimejitukana matusi yote ninayoyajua.

Jumapili, 20 Januari

Baba ameniita peke yangu. Macho makavu, akili timamu kabisa.

"Velaphi. Njiani ulisema na nani?"

"Sikusema na mtu, Baba."

Akaniangalia. Akasema, "Basi ni mimi nimezeeka," akageukia ukutani.

Heri angenipiga. Angeniita mbwa. Kukubali kuitwa mjinga na mwanawe aliye mwongo, ili asiniaibishe — hiyo ndiyo imenimaliza.

Alasiri nimemzunguka Falakhe. Nikasema kuna mtu kazini yalimkuta hivi na hivi, afanyeje? Akawa anachonga mpini, hakuinua kichwa. Akasema huyo mtu amrudishe aliyemchukua pale pale alipomtoa, amwombe radhi, maana naye ni mtoto wa watu. Kisha akate tawi jipya, amwite wake. Na aende kwa miguu kama ana haya. Ndipo akaniangalia. Hakuuliza jina la huyo mtu.

Jumatatu, 21 Januari

Naandika nimekaa kwenye jiwe kando ya mto. Kuandika si kusema.

Alfajiri niliingia kulichukua tawi la kwanza. Baba amelala chali, amefumba macho, pumzi inakuja ikitaka. Nimeshaliinua, nimefika mlangoni, nikasikia sauti yake nyuma yangu, ya chini kabisa. "Mpe maji kwanza. Kwao ni mbali."

Nikarudi. Nikachota kata moja ya maji, nikayanyunyizia majani ya tawi. Sikuthubutu kumtazama Baba usoni. Nikaondoka bila kusema nilichopaswa kusema, na sasa sisemi tena na mtu mpaka nifike.

Kule uwanjani wanafunga mahema ya kesho. Viti vyeupe mamia, vipaza sauti, mtu anajaribu moja-mbili-tatu mpaka milimani. Mkuu kaniona, kaniuliza iko wapi chokaa ya rundo la nne. Nikamwashiria kwa mkono kwamba nakuja. Nililaza tawi juu ya mawe ya lile rundo. Nikasema Kiingereza, polepole, nilichojaliwa. Kwamba nilikosea mimi. Kwamba bibi yule alimlilia kweli, hata kama mahali nilibuni. Kwamba alipewa chai nyumbani kwetu na mzee anayekufa. Nikajikuta namwonea huruma. Sikupanga.

Kisha korongoni. Tawi jipya. Nikaita — hakuna kitu, jepesi kama ufagio. Nikaita tena. Hakuna. Nikapiga magoti nikamwambia Mahlabane yote, rundo la nne, tabasamu, uwongo wa jana. Nikamwambia akikataa hana kosa. Niliposimama mkono ulikuwa unaniuma. Sijui kama ni uzito wake au ni mkono wangu wa miaka hamsini na mmoja. Nimeamua ni yeye.

Saa nne na nusu za kutembea. Mkuu alinifokea langoni, nikapita. Mama Nokuthula wa dukani kanisalimu mara tatu, nikapita, sasa ataniita mwenye majivuno mpaka kufa kwake. Kote nimesema na mmoja tu. Hapa ni lango. Hapa ni dukani. Hapa palikuwa na mti, hukuuwahi.

Simu ilianza penye kanisa. Dada. Nimeiacha wazi tangu asubuhi kwa ajili ya hali ya Baba. Ikaita, ikakata. Ikaita tena penye josho. Dada hajui kuandika ujumbe, akitaka neno anapiga. Nimefikiria kupokea nisikilize tu, ninyamaze. Najijua sasa. Akisema "Velaphi", nitaitika. Mdomo huu nimeshauona.

Na kama ameshakata roho — basi Baba naye yuko njiani, hana wa kumwonesha wazee. Au nikifika upesi watakutana hapo mlangoni, mmoja anaingia, mmoja anatoka. Au bado yuko, ananisubiri, anataka sauti yangu tu.

Daraja liko mbali chini. Hapa maji ni ya magotini, panapitika. Nimemwambia: Mahlabane, hapa ndipo tunavuka. Ng'ambo kule, kilimani, yenye paa jekundu, ndiyo nyumba.

Naiona vizuri. Watu wamejaa uani, wengi kuliko watu wa kuja kujulia hali. Wamesimama, hawatembei. Dada yuko mbele yao, kitambaa cheusi kichwani, uso huku mtoni, mkono sikioni.

Inaita.