Leso Ilikuwa Mkononi

Baba watoto na wanangu,

Maharage yako jikoni, yamebaki kuungwa tu. Jumuiya wanasali kwetu leo saa kumi, kwa hiyo futeni viti vumbi. Mshumaa uko juu ya kabati.

Tangu nirudi misa ya asubuhi, kila nikikaa nasimama. Uani nimefagia mara mbili. Padri aliposema tupeane amani, yule fundi cherehani wa jumuiya yetu alinigeukia, akaninyoshea mkono. Mimi nikajifanya natafuta leso kwenye mkoba. Leso ilikuwa mkononi, na yeye aliiona. Halafu nikapanga foleni ya komunyo nikakomunika, macho chini kama mtakatifu. Yote hayo kwa sababu aliwaambia wanakwaya kwamba naimba kama mlango usiotiwa mafuta. Baba watoto, usicheke. Wewe ndiye uliyeniletea hayo maneno.

~~Akija, mwambieni sijisikii vizuri, nimelala.~~

Hapana. Nimekwenda kwake. Tukipishana njiani akafika kabla yangu, mkalisheni kwenye kiti changu chenye mto, na wimbo wa kwanza aanzishe yeye. Mpeni mkono nyinyi kwanza, kabla hajanyosha wake.

Mama