Mbwa wa Mama Waliofungiwa Kabatini

Mpendwa Bi Thelma,

Nasoma safu yako ya ushauri gazetini kila wiki. Naomba unisaidie mapema, maana daktari ameniambia moyo wangu hautafika majira ya majani kupukutika, nami nina miaka themanini na minane na jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nilizaliwa hapa Burslem, mji wetu huu wa viwanda vya kauri Uingereza, na juu ya meko ya nyumba yetu walikaa mbwa wawili wa kauri, weupe wenye mabaka mekundu, mmoja akitazama kulia na mwenzake kushoto, macho yao na minyororo yao ya dhahabu vikiwa vimepakwa na bibi yetu kiwandani, zama zile malkia alipofuga mbwa wa aina hiyo na kila mchimba makaa akataka jozi yake ya kauri. Jioni za baridi Mama alitupikia chapati za unga wa oti na jibini, moto ukiwamulika nyuso wale mbwa, nami nikiapa kwamba wananikonyeza. Mimi nilipata nafasi ya kusoma nikawa mwalimu wa historia, mdogo wangu Mavis akaingia kiwandani kupaka vyombo rangi akiwa na miaka kumi na mitano, akamuuguza Mama mpaka mwisho, na Mama akasema, "Enid ana vitabu vyake. Mbwa ni wa Mavis."

Liliniuma. Wakati huo nilikuwa nakusanya mbwa wa kale, nikijua kwamba wa zamani walibonyezwa kwa mkono kwenye kalibu na chini wana kitundu kama ncha ya sindano, ilhali wa siku hizi humiminwa kwa udongo wa majimaji na chini wana tundu la kupitisha kidole, basi nikanunua jozi mpya inayofanana nao, na siku ya mazishi, Mavis akiwa jikoni anawakatia wageni nyama ya nguruwe, nikawabadilisha. Ni miaka arobaini na sita sasa. Nina mbwa thelathini rafuni, lakini hao wawili wamo kabatini ndani ya flana, sijathubutu kuwaweka wazi. Kila Ijumaa nikienda kwa Mavis namkuta anawafuta vumbi wale bandia, ananiambia, "Hawa wamekuulizia, dada. Wanasema siku hizi huwaangalii usoni," anacheka, nami chai inanipalia. Mwezi ujao mjukuu wake anaolewa, naye Mavis anataka kumpa mbwa wa bibi. Je, niseme, au nimwachie mwanasheria awapeleke nikishazikwa? Naogopa atakataa kunishika mkono siku zangu za mwisho.

Enid

Bi Enid,

Pole kwa ugonjwa. Kwa hilo lingine sikupi pole. Mwalimu mzima, unamwibia mdogo wako siku ya kumzika mama yenu, tena yeye yuko jikoni anawahudumia wageni wako.

Sasa nikuulize, maana mimi pia ni wa mji huu. Tukialikwa chai, kabla ya kunywa tunafanya nini? Tunageuza kisahani tuone kimetoka kiwanda gani. Shangazi yangu aligeuza sahani ya kasisi ikiwa bado na keki. Mavis amepaka vyombo rangi tangu utotoni, amewafuta vumbi mbwa hao Ijumaa zote hizo, na wewe unaamini hajawahi kuwageuza? Tundu la kupitisha kidole, Bi Enid? Anajua. Amejua tangu wiki ya mazishi. Kila Ijumaa amekufungulia mlango useme, nawe unapaliwa na chai.

Mwanasheria mwache. Ijumaa hii ita teksi, wapakate hao mbwa, bila flana. Usimpe somo la historia. Mwambie, "Mavis, niliwaiba, nimewarudisha," kisha nyamaza, hata akikutukana. Akimaliza, mwombe muwapandishe juu ya meko pamoja, na yeye ndiye aseme nani anakaa upande gani.

Wale bandia ondoka nao. Hao ndio wako. Waweke karibu na kitanda chako, mahali ambapo Mavis atawaona akija kukutazama.